Piramidi: kwa nini pembe ya uso na kitako inanitokea 67°23' wakati jibu ni 71°34'?

kidato4_B
Habari zenu wakuu. Nimekwama kwenye swali hili. Piramidi VABCD ina kitako cha mstatili, AB = sm 8, BC = sm 6, na kingo VA, VB, VC na VD zote ni sm 13. Tunatakiwa kutafuta (a) kimo, (b) pembe kati ya VA na kitako, (c) pembe kati ya uso VBC na kitako.

Kimo nimepata sm 12, na (b) nimepata 67°23', yote sahihi. Kwenye (c) nimechukua VB kuwa mstari wa uso na BO kuwa mstari wa kitako (O ni katikati ya kitako), nikapata tena 67°23'. Jibu ni 71°34'. Nimerudia mara tatu, hesabu yenyewe sioni kosa.

mwl_pembetatu
Hesabu yako haina kosa, ila umepima pembe nyingine. VB na BO zinakupa pembe kati ya *ukingo* na kitako, yaani swali (b) limerudi kwa kona ya B.

Nyuso mbili zinapokutana, anza na mstari zinapokutania. Hapa VBC na kitako zinakutana kwenye BC. Chagua nukta moja juu ya BC ambayo utaweza kuchora mistari miwili, mmoja ndani ya kila uso, na *yote miwili* ikate BC kwa nyuzi 90. Pembe kati ya mistari hiyo ndiyo inayotakiwa.

Sasa jaribu kona yako ya B. BO inakutana na BC kwa 53°8' (tan = 4/3), na VB inakutana na BC kwa 76°39' (cos = 3/13). Hakuna hata moja iliyo pembe mraba, kwa hiyo B haifai.

Chukua M, katikati ya BC. Kwa kuwa VB = VC, VM inakata BC kwa nyuzi 90. OB = OC pia, kwa hiyo OM nayo vilevile. OM ni nusu ya AB, siyo nusu ya BC. Hapo wengi huteleza: wanaona M iko kwenye BC, wanaandika OM = 3. OM inakwenda sambamba na AB, kwa hiyo ni sm 4. Basi tan M = VO/OM = 12/4 = 3, na pembe ni 71°34'.

Ukitumia OM = 3 utapata 75°58'. Hiyo ni pembe ya uso VAB na kitako, kwa hiyo ukiiona kwenye daftari lako utajua umebadilisha pande.

vijiti_na_uzi
Naongezea kwa anayeshindwa kuiona kwenye karatasi. Kata kadibodi ya sm 8 kwa sm 6, chukua vijiti vinne vya mishikaki vya sm 13, visimamishe kwenye kona nne na uvifunge pamoja juu. Ning'iniza uzi wenye nati kutoka V. Nati itatua pale mistari ya kona kwa kona inapokatana, na huo uzi ndio VO. Halafu vuta uzi mwingine kutoka V hadi katikati ya ukingo wa sm 6. Weka kona ya daftari pale M: inakaa sawasawa na uzi wa VM. Ihamishie B, mwanya unaonekana kwa macho.

Mfano huu pia unakupa njia ya kujihakiki. Ni kama paa la pande nne: boriti ya kona hulala zaidi kuliko bati la upande wowote. Kwa hiyo pembe ya ukingo lazima iwe ndogo kuliko pembe za nyuso zinazokutana kwenye ukingo huo. Hapa ni 67° dhidi ya 71° na 75°. Pembe ya uso ikitoka sawa na ya ukingo, kuna mstari umechorwa vibaya.

jedwali_la_namba
Mambo mawili ya ukokotoaji, maana alama nyingi hupotea hapa.

Kwanza, usikadirie mapema. VM = √160. Mtu akiandika 12.6 kisha akatumia cos M = 4/12.6 anapata 71°29'. Acha √160, au tumia tan yenye 12 na 4 kamili.

Pili, kwa wanaotumia jedwali: kosini hupungua pembe inapokua. Kwenye (b) kosini ni 5/13, kwa hiyo unatafuta 0.3846. Kwenye 67°18' unaona 0.3859. Umezidi kwa 0.0013, na safu ya tofauti inakupa dakika 5. *Pembe* inaongezeka, 67°23'. Aliyezoea sini tu atapunguza, aandike 67°13'.

Jedwali pia linaishia nyuzi 90. Chukua swali jingine: mnara wa m 20 unaonekana kwa mwinuko wa 30° kutoka A na 45° kutoka B, na pembe AFB kwenye shina la mnara F ni 120°. AF = m 34.64, BF = m 20. Kanuni ya kosini inataka cos 120°, wewe unasoma cos 60° = 0.5 na lazima uweke alama ya kutoa. Ukifanya hivyo AB ni m 47.9. Ukisahau unapata m 30.1, jambo lisilowezekana: upande unaotazamana na pembe butu ndio mrefu kuliko yote, na AF peke yake imeshafika 34.64.

Wenye kikokotoo, kama tan⁻¹ 3 inaleta 1.249, kiko kwenye radiani. Kirudishe kwenye digrii.

kidato4_B
Asanteni sana, mwalimu. Nimeipata 71°34'. Kuna (d): pembe kati ya VBC na VAD. Hizo zinakutana kwenye nukta V tu, sasa mstari wa kukutania uko wapi?

mwl_pembetatu
Zinakutana kwenye mstari unaopita V sambamba na BC, ila haukuchorwa. VM na VK (K ni katikati ya AD) zote zinaukata kwa nyuzi 90. Chora pembetatu VMK peke yake pembeni: VM = VK = √160, MK = 8. Cos V = (160 + 160 − 64)/320 = 0.8, pembe ni 36°52'. Fanya vivyo hivyo kwa VAB na VCD, mara hii pande ni √153, √153 na 6. Utapata 28°4'.