MJADALA: Urusi inajilinda kule Aktiki, au inamtishia jirani?

Mchora Ramani (mleta mada)

Wakuu, salaam. Wiki nzima naona watu wanatupiana maneno kuhusu kambi za Urusi kwenye barafu, na karibu wote wanaanzia kwenye ile bendera. Mnaikumbuka: Agosti 2007, Mrusi Artur Chilingarov na wenzake walishuka kwa vyombo vidogo vya kuzamia hadi sakafu ya bahari penye Ncha ya Kaskazini, zaidi ya mita 4,200 chini, wakachomeka bendera ya titani. Kanada ikang'aka kwamba hii si karne ya 15. Picha ilipendeza, lakini kisheria haina uzito hata wa karatasi. Mimi naomba tuiache, tuulize jambo jingine: huko kaskazini, amri anatoa nani?

Makao makuu ya Jeshi la Manowari la Kaskazini yako Severomorsk, jirani na Murmansk. Usipopajua utadhani bahari ya pale huganda. Haigandi. Maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki yanafika mpaka pale, na ndiyo maana nchi yenye pwani ndefu kuliko zote za Aktiki imerundika manowari zake kwenye kona moja tu, rasi ya Kola. Kwenye ghuba za karibu, kama Gadzhiyevo, ndiko zinakolala nyambizi za nyuklia za aina ya Borei, kila moja na makombora 16 yanayofika zaidi ya kilomita 8,000. Mtu mwenye mali hiyo ndani ya nyumba hawezi kulala mlango wazi.

Sasa fuateni amri. Desemba 2014 Moscow iliunda kamandi ya pamoja ya Kaskazini juu ya jeshi hilo la manowari: meli, ndege, askari wa nchi kavu na makombora ya kutungulia ndege, vyote kwa mkubwa mmoja. Januari 2021 ikapanda cheo, ikawa sawa na mkoa wa kijeshi, ikakabidhiwa Murmansk, Arkhangelsk, Komi na Nenets. Wanamaji wakatawala ardhi! Machi 2024 wakanyang'anywa. Ardhi ikaenda kwa Mkoa wa Kijeshi wa Leningrad uliofufuliwa. Miaka mitatu na miezi miwili tu.

Hoja yangu ni hii: kilichojengwa kule ni ua wa kulinda nyambizi. Rada na viwanja vya ndege kwenye visiwa vya kaskazini, yaani Nagurskoye, Novaya Zemlya na Kotelny, ni miiba ya ua huo. Jeshi la kuivamia Norway sijaliona. Karibuni mnirarue.

Kijana wa Mbagala

Mkuu, ua gani una njia ya kurukia ndege ya mita 3,500? Hiyo Nagurskoye iko juu ya latitudo 80, kisiwa cha barafu, na inapokea ndege kubwa za kivita mwaka mzima. Ua wa nyumbani kwetu una michongoma na mbwa mmoja mvivu.

Baharia Mstaafu

Wanangu, mnasema kana kwamba Mrusi yuko peke yake kule juu. Hesabuni. Nchi za Aktiki ni nane. Tangu Sweden iingie NATO Machi 2024, saba ziko upande mmoja. Finland ilitangulia Aprili 2023, na mpaka wake na Urusi una kilomita zaidi ya 1,300. Marekani iko Greenland tangu vita vya pili, pale Thule, siku hizi wanapaita Pituffik, na kazi kubwa ya kambi hiyo ni kutazama makombora yakija kupitia ncha. Njia fupi ya kombora kati ya Urusi na Marekani inapita pale juu, chukueni tufe mpime kwa uzi.

Tena Gorbachev, kiongozi wa Kisovyeti, Oktoba 1987, alisimama Murmansk penyewe akapendekeza kaskazini pawe eneo la amani na shughuli za manowari zipunguzwe. Mambo ya mazingira na sayansi yalisonga. La manowari halikufika mbali. Sasa leo mnamshangaa mtu kwa kufunga komeo?

Wakala wa Forodha, Mombasa

Mimi nadhani ni pesa tu, mengine ni maneno. Gesi ya Yamal inatoka kwa meli tangu Desemba 2017, na Urusi ina meli za nyuklia za kuvunja barafu ambazo hakuna nchi nyingine inayo. Ila msidanganywe na habari za "Suez mpya", yaani njia ya meli inayopita kaskazini mwa Siberia. Lengo la Putin lilikuwa ipitishe tani milioni 80 za mizigo kwa mwaka ifikapo 2024. Zikapita karibu milioni 38, nyingi zikiwa mzigo wa Urusi yenyewe. Suez katika mwaka wa kawaida inapitisha zaidi ya tani bilioni moja. Meli zilipoanza kukwepa Bahari ya Shamu mwisho wa 2023, wateja wangu walichelewa wiki nzima, na meli zile zilizungukia Rasi ya Tumaini Jema. Hakuna aliyeniambia kontena lake linapita Siberia.

Mchora Ramani

Wakala, hapo umenisaidia bila kutaka. Kama biashara ni ndogo hivyo, basi makombora yote yale hayakuwekwa kulinda biashara.

Mama Neema (Tromsø)

Habari zenu. Mimi niko huku kaskazini mwa Norway, nalea wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwaka wa nane sasa. Kaka Mchora Ramani, mfano wako wa ua ni mzuri, lakini umeuchora ukiwa upande wa mwenye nyumba. Njoo uusimamie upande wa jirani.

Nyambizi za Kola zijifiche wapi? Bahari ya Barents. Ili zijifiche salama, wanaozitafuta wazuiwe wapi? Kwenye maji ya kutoka kaskazini mwa Norway kwenda Svalbard na kushuka Atlantiki. Yaani ili yeye alale usingizi, lazima aweze kutawala bahari mbele ya dirisha langu. Baharia, shikamoo, najua utasema na wao Wanorwe wanapeleleza. Ni kweli, rada kubwa ya Vardø haitazami ndege wa baharini. Lakini Norway tangu 1949 imeshikilia kwamba majeshi ya kigeni hayatakuwa na kambi za kudumu hapa wakati wa amani, na baadaye ikaongeza kwamba silaha za nyuklia hazihifadhiwi kwenye ardhi yake. Siku hizi Wamarekani wamepewa viwanja vya kutumia, na watu wanabishana huku kama hiyo si kambi kwa jina lingine.

La kila siku ni GPS. Upande wa Finnmark, karibu na mpaka wa Urusi, mawimbi yanavurugwa kutoka ng'ambo na marubani wanayapoteza mara kwa mara, na tangu 2022 imekuwa karibu jambo la kila siku. Ndege ya abiria, jamani, na wakati mwingine ndani yake kuna mgonjwa anayeletwa hospitali ya Tromsø. Ua wako unafika mpaka kwenye kitanda cha huyo mgonjwa.

Halafu cha ajabu, samaki. Norway na Urusi zinagawana samaki wa Barents kwa tume ya pamoja tangu miaka ya 1970, na hata baada ya vita vya Ukraine kuwaka, bado wanakaa na kupanga kila mmoja avue kiasi gani. Mwaka 2010, baada ya miaka 40 ya kuvutana, walitia saini Murmansk kugawana mpaka wa bahari. Kwa hiyo hawa watu wanajua kusikilizana. Ndiyo maana nakasirika zaidi. Samaki mwenyewe ni torsk, nyama nyeupe, kidogo kama chewa wetu.

Baharia Mstaafu

Marahaba mwanangu. Yote nimekusikia, ila torsk na chewa usinifananishie. Nimemla yule Hamburg. Hana ladha.

Kijana wa Mbagala

Mimi narudi kwenye askari. Kule Pechenga, karibu na mpaka wa Norway, kulikuwa na Brigedi ya 200, na Alakurtti, karibu na Finland, Brigedi ya 80. Hawa walifundishwa kupigana kwenye theluji, wengine kuendesha hata sleji za kulungu. Mwaka 2022 ile ya 200 ikapelekwa upande wa Kharkiv, Ukraine, ikasagwa. Unamfundisha mtu miaka yote kupigana na baridi, kisha unamtupa kwenye mashamba ya alizeti.

Mchora Ramani

Hapo ndipo nilipotaka tufike. NATO ilikuwa inajipanua mpakani, na Moscow ikaondoa askari wa nchi kavu mpaka huohuo. Nyambizi hazikuguswa. Mtu anayeogopa kuvamiwa kwa miguu hafanyi hivyo, na anayetaka kuvamia pia hafanyi hivyo. Na ardhi ilipokwisha askari, Machi 2024 wakaona hakuna haja ya amiri wa majini kuisimamia.

Mama Neema (Tromsø)

Au waliinyang'anya ili wenye ujuzi wa nchi kavu waipange upya. Leningrad inatazama Finland nzima sasa. Karelia wameunda kikosi kipya, cha 44. Nacho kilipelekwa Kharkiv, sawa, lakini vita vikiisha hao wote watarudishwa wapi? Sochi?

Mwalimu wa Kagera

Nimesoma kimya. Mmehesabu makombora, nyambizi, tani na samaki. Novaya Zemlya mnayoiita mwiba wa ua ilikuwa na Wanenet, wenyeji wa kule, wakiishi pale. Miaka ya 1950 walihamishwa kupisha majaribio ya nyuklia, na Oktoba 1961 ikalipuliwa juu ya visiwa hivyo bomu la megatoni 50. Baharia naye katuletea Thule. Mwaka 1953 wawindaji wa Kiinughuit, wenyeji wa Greenland, waliokuwa jirani na kambi ile walipewa siku chache tu waondoke, wakasukumwa kaskazini zaidi, Qaanaaq. Ni yaleyale ya Wachagosi wa Diego Garcia, bahari yetu hii. Swali lenu ni nani anajilinda dhidi ya nani. Langu ni nani aliulizwa.

Baharia Mstaafu

Mwalimu, hapo sina jibu.

Mchora Ramani

Nami sina. Mama Neema, neno "ua" nalirudisha, limenishinda: ua haumzimii jirani mawimbi. Ila kwenye uvamizi bado nabisha, nitarudi kesho na ramani ya viwanja vyote, kimoja kimoja.

Mama Neema (Tromsø)

Irudishe, mimi naingia zamu. Hapa saa tano asubuhi na taa za barabarani zinawaka. Jua tuliliaga Novemba.