Viti vya chuma vya uani na kutu ya pwani

Mkaazi wa Shela: Assalaam alaykum. Nina meza na viti vya chuma vinavyokaa uani, karibu na bahari, na rangi yake imefura na kubanduka kwenye maungio ya miguu. Je, naweza kupaka rangi mpya juu ya ile ya zamani?

Fundi, Malindi: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Rangi iliyofura imeficha kutu, na ukiifunika tu itafura tena. Ikwangue kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, lainisha kwa msasa kingo za rangi iliyoshika, kisha osha kwa maji matamu, wala si ya kisima cha chumvi, kwa kuwa chumvi isiyoonekana ndiyo hasa inayovuta unyevu. Kikikauka vizuri, paka praima, yaani rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, siku hiyo hiyo, halafu tabaka mbili nyembamba za rangi ya mafuta ya nje.

Mama wa Mkomani: Mwanangu, pindua viti utazame ncha za miguu, maana bomba lisilo na kizibo huingiza maji na chuma huoza kwa ndani. Rangi ya kale huenda ina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Tumia msasa wa maji ili vumbi lisiruke, na watoto wakae mbali.