Kukabia juu: mtu kwa mtu uwanja mzima, au beki mmoja abaki huru?

Mtoa hoja: Timu inayokabia juu, yaani inayowabana wapinzani karibu na lango lao, huku imeacha beki mmoja wa ziada nyuma, haijakabia. Pigeni hesabu. Wao wana wachezaji kumi wa ndani na kipa anayejua kucheza kwa miguu. Kipa wenu yuko mbali, mko kumi. Tayari wamewazidi mmoja. Mkibakiza sentahafu (beki wa kati) asiye na mtu wa kumkaba, huko mbele wanawazidi wawili, na mara nyingi huyo wa pili ni namba sita wao, kiungo anayecheza mbele ya mabeki. Anapokea, anageuka, presha imekufa. Kila mtu ashike wake. Kwa kipa aende straika, tena akimbie kwa mkunjo ili mwili wake uzibe pasi ya kwenda kwa sentahafu aliyemwacha. Atalanta ya Gasperini iliwakaba Leverkusen mtu kwa mtu kwenye fainali ya Europa League, Dublin, Mei 2024, ikashinda 3-0.

Mpinzani: Mkuu, hiyo ni fainali moja. Leeds ya Bielsa je? Desemba 2020 pale Old Trafford, kwa Manchester United, walikaba mtu kwa mtu, McTominay wa United akafunga mawili ndani ya dakika tatu za mwanzo, mechi ikaisha 6-2. Ugonjwa wa mfumo huu uko katikati. Kiungo wao anakimbilia pembeni kwa makusudi, wako anamfuata, panabaki uwazi, pasi moja inapita hapo kwenda kwa straika aliyeshuka. Mmoja akipigwa chenga hakuna wa kumfunika, maana kila mwenzake ana mtu wake.

Mtoa hoja: Leeds ile ni ushahidi wangu, si wako. Bielsa kwa kawaida alibakiza beki wa ziada, ndiyo maana straika wake alikuwa peke yake akikimbizana na masentahafu wawili. Mwenye mpira alikuwa na muda wa kuinua kichwa na kuchagua. Hilo la viungo kuvutwa nakubali lipo, lakini linaua pale tu mpigaji wa pasi habanwi.

Mchangiaji wa tatu: Hapo kwenye mpigaji ndipo penyewe. Barcelona ya Flick, Oktoba 2024 Bernabéu: safu ya ulinzi karibu na mstari wa kati, Real Madrid wakaotea mara 12, Mbappé peke yake 8, Barcelona wakashinda 4-0. Mpigaji akiwa amegeuzia lango lenu mgongo, au anahangaika kuutuliza mpira, safu inapanda. Akiwa huru na kichwa juu, safu inarudi mara moja, bila kusubiri apige. Timu zinafungwa kwa sababu beki mmoja anarudi na watatu wanapanda.

Ila wote wawili mmesahau sheria moja: hakuna kuotea mpira unapotoka moja kwa moja kwenye goli kiki. Straika wao anaweza kusimama nyuma ya mabeki wenu wote akisubiri mpira mrefu wa kipa, na mtego wenu wa kuotea hauna kazi. Kwa goli kiki, beki wa ziada ni lazima.

Mtoa hoja: Mpaka pasi fupi ya kwanza tu. Tangu 2019 mpira hauhitaji kutoka nje ya boksi, kipa anaanza na sentahafu aliye pembeni yake. Pasi hiyo ikigusa mguu wa pili, kuotea kumerudi, na huyo beki wenu wa ziada aruke kwa mtu wake papo hapo.

Mpinzani: Kutoka umbali gani? Kama amesimama mita 20 kutoka kwa mtu wake, mpira utamtangulia. Lazima asogee kabla goli kiki haijapigwa, asimame katikati ya straika wao na namba kumi wao (kiungo anayecheza nyuma ya straika), mita 10 hivi kutoka kwa kila mmoja. Na hapo kipa mwenye mguu mrefu anaupiga juu ya kichwa chake.

Mchangiaji wa tatu: Basi kipa wenu atoke nje ya boksi tangu mwanzo. Mpira huo wa juu ni wake.