Hivi Rossi wa pikipiki na Rossi wa mpira ni ndugu?

Kijana wa Kirumba: Wakuu za asubuhi. Leo nimepanda boda Buzuruga, jamaa kabandika stika ya njano ya 46 kwenye tangi, imeshaanza kubanduka pembeni, nikamuuliza ya nini, akanambia ni Rossi, mtoto wa yule Rossi aliyewatoa Brazil kombe la dunia. Mi nikanyamaza ila roho haijatulia. Ni kweli?

Fundi Nyakato: Kakuingiza chaka huyo. Huyo wa pikipiki ni Valentino, baba yake anaitwa Graziano, naye alikuwa wa mbio za pikipiki na hiyo 46 ndo alikuwa anaitumia, dogo akairithi akabeba nayo ubingwa wa dunia mara 9 mpaka anastaafu 2021. Wa mpira ni Paolo, mtu wa Prato, aliwapiga Brazil goli 3 peke yake 1982, tena ndo kwanza katoka kufungiwa miaka 2. Majina tu hayo.

Ng'wana Mabula: Rossi kule Italia ni kama Mabula huku kwetu. Simama stendi ya Nyegezi uite "Mabula!" uone vichwa vinavyogeuka, sasa wote mama mmoja? Mabula kwa Kisukuma ni aliyezaliwa wakati wa mvua, na kila mtu na mvua yake aliyozaliwa nayo. Hilo Rossi linatoka kwenye rosso, nyekundu, zamani mtu akiwa na nywele au ndevu nyekundu wanamwita hivyo, watoto wanabaki nalo, na wenye ndevu hizo hawakuwa kijiji kimoja. Ukienda kusini unakuta Russo, maana ile ile. Limejaa mpaka kwenye fomu za mfano wanajaza Mario Rossi, kama sisi na Juma wetu.

Dada wa Igombe: Yaani ukoo mzima unabeba ndevu za babu 😂 na mke je, akiolewa anazibeba na yeye?

Ng'wana Mabula: Hapana dada, kule mke anabaki na jina la kwao. Mtoto ndo alikuwa anapewa la baba moja kwa moja, ila 2022 mahakama yao ya katiba ikasema abebe ya wote wawili, labda wazazi wakubaliane moja.

Kijana wa Kirumba: Asanteni. Jioni nimemkuta palepale nikamweleza yote, kanijibu "Rossi ni Rossi tu bro, panda twende", na buku jero yake hajapunguza hata mia.