Naomba ushauri: vipimo vya selimundu kabla ya ndoa, tupo Tabora

Ndugu zangu, mimi na mchumba wangu tunaishi Tabora mjini na tunatarajia kufunga ndoa. Kwa kuwa familia zetu zote mbili zimewahi kuuguza watoto wenye selimundu, tuliamua kupima, na kipimo cha haraka kikatoa majibu chanya kwetu sote.

Ninavyofahamu, ugonjwa huu hutokana na badiliko la herufi moja tu katika jeni iliyopo kwenye kromosomu ya 11, na mtoto huugua anaporithi nakala yenye kasoro kutoka kwa baba na kwa mama. Hivyo wazazi wote wakiwa wabebaji (wenye nakala moja tu yenye kasoro, bila kuugua), kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kupata mtoto mgonjwa (wanaodhani kwamba akiugua wa kwanza wanaofuata wamesalimika wanakosea). Tatizo ni kwamba kipimo hicho hakitofautishi mbebaji na mgonjwa.

Je, ni lazima tusafiri hadi Mwanza kwa elektroforesisi ya hemoglobini (kipimo cha maabara kinachotenganisha aina za hemoglobini kwenye damu, hivyo kuonyesha nani mbebaji na nani mgonjwa), au sampuli huweza kutumwa kutoka hapa? Na waliooana wakijua hali hii, mlizungumzaje na wazazi kabla ya mahari?