Mrejesho: nguo za watoto kwenye gari la kulala ndani

Jamani nimerudi. Si mnakumbuka niliuliza nipakie vipi nguo za watoto wawili, siku kumi, kwenye gari la kulala ndani lenye kabati dogo kama la vikombe? Aliyesema niache masanduku nibebe mabegi laini, ubarikiwe, maana begi likiisha nguo unalikunja unalisukumia chini ya kitanda, sanduku gumu ningeliweka wapi mimi? Nikafunga kila siku na seti yake, fulana suruali chupi na soksi zimeviringishwa pamoja, asubuhi mtoto anachomoa furushi lake anavaa, hakuna kupekua. Seti tano tu kila mmoja, katikati ya safari tukafua. Nilipochemka ni masweta, niliyatia kwenye buti la nje, usiku baridi ikashuka na baba watoto akatoka na tochi kuyatafuta mvua inamnyeshea (hakunisemesha mpaka chai). Viatu wekeni kwenye beseni pale mlangoni. Nguo za kuogelea zikilowa zianikeni nje, kibafu cha gari hakikaushi kitu, zetu zilinuka siku ya pili tu. Yale magauni ya kutokea? Hayakuguswa hata.