Kompresa ya AC inafanya kazi wakati kitufe kimezimwa: naomba ushauri kabla waya haujakatwa

Msafiri wa Manyovu:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na walionizidi umri nawapa shikamoo. Ninaishi Mwanga, hapa Kigoma mjini, na biashara ya nafaka hunipeleka Manyovu na Kasulu mara kwa mara. Gari langu ni saluni dogo la petroli lililotumika Japani, na AC yake ni ya kuzungusha kwa mkono, si ile inayojipangia ubaridi yenyewe. Tatizo ni kwamba kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya AC, inafanya kazi hata kitufe cha AC kikiwa kimezimwa na taa yake haiwaki.

Tangu mvua zianze, kila ninapopanda kuelekea Manyovu gari huwa zito kuliko lilivyokuwa wakati wa kiangazi. Nikisimama pembeni injini ikiunguruma, nasikia mlio mfupi upande wa mkanda, "tak", injini inashuka kidogo kisha inajikaza, na baada ya muda mlio huo unarudi. Chini ya gari, upande wa abiria, maji yanadondoka kidogo kidogo. Tena nikizima injini baada ya safari ndefu, mvumo fulani huendelea mbele ya gari kwa muda.

Fundi wa gereji moja alisikiliza bila kufungua boneti, akasema ama ninunue kompresa nyingine ama akate waya wake ili isiwake kabisa. Bei aliyoitaja ni kubwa kwangu, na kukata waya sikuridhika nako. Naomba anayejua anieleze ni wakati gani kompresa huwaka bila kuamriwa na kitufe, na kwa sababu gani.

Dereva wa Kibirizi:

Ndugu, mimi ningekata waya na kuweka swichi yangu mwenyewe. Kigoma ukifungua vioo unapata upepo wa ziwa bure, na mafuta unayookoa ni yako.

Fundi Umeme Ujiji:

Ndugu Msafiri, usikate chochote kwanza. Nijibu swali moja: unapopanda Manyovu kwenye mvua, kile kirungu cha kuchagua upepo utokee wapi unakiweka kwenye alama gani? Kama kiko kwenye alama ya kioo cha mbele, au ile ya miguu pamoja na kioo, basi kompresa imeamriwa na kirungu hicho na wala haijajiwasha. Magari mengi yametengenezwa hivyo kwa makusudi, na katika baadhi yake taa ya kitufe haiwaki kabisa, ndiyo maana dereva hudhani kuna hitilafu. Kitabu cha gari huliandika jambo hili, ila magari yetu mengi huja na kitabu cha Kijapani au bila kitabu chochote.

Sababu yake ni unyevu. Kioo huingia ukungu kwa sababu hewa ya ndani imebeba mvuke wa pumzi na wa nguo zilizolowa, na mvuke huo ukigusa kioo kilichopozwa na mvua hugeuka matone. Kompresa ikizunguka, hewa hupitishwa kwanza kwenye kile kipoozeo kilichofichwa nyuma ya dashibodi, mvuke unagandamana pale na kuwa maji, maji yanatoka kwa mpira mdogo kwenda chini ya gari, na kioo kinapulizwa hewa kavu. Ukiongeza hita, hewa hiyo hiyo inakuwa kavu na yenye joto, na kioo kinasafika upesi zaidi. Kwa hiyo matone unayoyaona chini, kama ni maji safi yasiyo na utelezi wala harufu tamu, ni dalili kwamba mfumo unafanya kazi yake. Yakiwa na utelezi na harufu tamu, hayo ni maji ya rejeta na hiyo ni kesi nyingine.

Katika nchi zenye baridi kali, kuna magari ambayo huizuia kompresa isiwake hali ya hewa ya nje inapokaribia nyuzi 0. Kigoma hatufiki huko hata Juni, hivyo kwako itawaka kila utakapochagua kioo.

Mlio wa "tak" ni klachi ya kompresa, yaani sahani inayoiunganisha na puli ya mkanda, ikishika na kuachia. Haishiki moja kwa moja, kwa sababu sensa iliyoko kwenye kipoozeo huikata kabla barafu haijaganda, na swichi ya presha nayo huikata gesi ikipungua mno au presha ikizidi. Kushika na kuachia kwa vipindi ni kawaida. Ikiwa inashika na kuachia kila baada ya sekunde mbili tatu, hapo gesi ipimwe, kwa kuwa mara nyingi huwa imepungua. Kuhusu mvumo baada ya kuzima injini, hiyo haiwezi kuwa kompresa, kwani kompresa ya gari lako inazungushwa na mkanda, na injini ikisimama nayo inasimama. Unachokisikia bila shaka ni feni ya rejeta inayomalizia kupoza.

Mwalimu wa Kasulu:

Naomba niongeze kuhusu hilo la kukata waya, maana limenigusa. Sisi tunaoendesha huku juu tunajua asubuhi za Machi zilivyo: ukungu nje, mvua, abiria wanne ndani wamelowa, na kioo kinafunga ghafla katikati ya kona wakati pikipiki yenye mzigo wa ndizi inashuka kukuelekea. Kufuta kioo kwa kitambaa huku unaendesha si njia, kwa sababu kinafunga tena kabla hujarudisha mkono kwenye usukani. Kaka yangu Dereva wa Kibirizi, huko ziwani unaweza kufungua vioo, lakini mvua ya huku inaingia mpaka kwenye viti. Kinachokatwa pamoja na waya ule ni uwezo wa kuona barabara.

Msafiri naye aangalie kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani. Kikiwa kimewashwa, pumzi za abiria zinazunguka humo humo na kioo hakitakauka vizuri. Afungue hewa ya nje.

Fundi Umeme Ujiji:

Mwalimu amesema kweli, nami naongeza kwamba kompresa isiyozunguka kabisa huharibika pia. Mafuta yanayoilainisha husafiri pamoja na gesi, kwa hiyo ikikaa miezi mingi imesimama, sili ya shafti hukauka na gesi huanza kuvuja. Hata anayebana petroli kiasi gani, aiwashe dakika chache mara kwa mara.

Msafiri wa Manyovu:

Nashukuru sana. Kirungu changu hukaa kwenye alama ya miguu na kioo msimu mzima wa mvua. Jana jioni nilifungua boneti, injini ikiunguruma na feni ya ndani ikiwa imewashwa, mwanangu akakizungusha. Kwenye uso, sahani iliyo mbele ya puli ilisimama huku puli ikizunguka peke yake. Kwenye miguu na kioo ikashika, na kwenye kioo peke yake ikashika pia. Hata hivyo ipo mara moja ambapo alirudisha kwenye uso na sahani ikaendelea kuzunguka kitambo kabla ya kuachia. Hilo ndilo bado linanitia wasiwasi.

Fundi Umeme Ujiji:

Umelitazama vizuri, na hiyo ndiyo kazi ambayo fundi wa gereji angeifanya kwanza. Kuachia kwa kuchelewa kuna sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni rilei, ile swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye klachi, ambayo vidole vyake vya ndani vimeungua na vinang'ang'aniana. Ya pili ni klachi yenyewe: nafasi kati ya sahani na puli ikiwa ndogo mno, au ikiwa na kutu na uchafu, sahani huendelea kuburuzwa hata umeme ukishakatika. Nafasi hiyo kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.3 na 0.6, kutegemea aina ya kompresa, na hupimwa kwa kipimo kile cha vibati vyembamba ambacho mafundi hupimia valvu.

Kuzitofautisha ni rahisi. Siku ikikataa kuachia, chomoa rilei ya AC kwenye kisanduku cha fyuzi. Klachi ikiachia hapo hapo, rilei au amri inayofika kwake ndiyo yenye shaka. Jaribu rilei nyingine yenye namba na miguu ile ile, mara nyingi ya honi hufanana nayo. Isipoachia, zima injini, chomoa soketi ya waya ya kompresa, kisha uwashe tena ukiwa umeweka nguo na mikono mbali na mkanda. Ikiendelea kuzunguka bila waya, klachi imekwama yenyewe. Ikisimama, kuna waya uliochubuka unaoiletea umeme kutoka pengine. Katika yote haya hakuna hata moja linalodai kompresa nzima.

Bibi Mkulima Uvinza:

Wanangu, mimi nina gari la haibridi, lile la petroli na umeme pamoja, nami nasikia kompresa ikivuma hata injini imezimika kwenye foleni ya kivuko cha reli. Nifanye jaribio hilo hilo?

Fundi Umeme Ujiji:

Shikamoo bibi. Hapana, usifanye. Magari hayo, kwa mfano Prius tangu kizazi cha pili kilichotoka 2003, yana kompresa ya umeme isiyotegemea mkanda, hivyo kuvuma injini ikiwa imezimika ni kawaida yake. Nyaya zake za rangi ya chungwa zina umeme mkubwa unaoweza kuua. Tena mafuta ya kompresa yake si yale ya magari ya mkanda. Fundi akichanganya, anaiharibu. Muulize hilo kabla hajajaza gesi.

Msafiri wa Manyovu:

Nimebadilishana rilei na ya honi, na tangu hapo klachi inaachia papo hapo kila mara. Nimeagiza mpya, na waya haukatwi. Ila katika kukagua nimekuta zulia la miguuni kwa abiria limelowa, maji safi yasiyo na harufu, na yale matone ya chini ya gari yamepungua sana.

Fundi Umeme Ujiji:

Basi mpira wa kutolea maji umeziba, pengine kwa vumbi la kiangazi lililogeuka tope. Maji yanarudi ndani, zulia linatoa mvuke usiku kucha, na asubuhi kioo kinaamka na ukungu, ndipo unapolazimika kuweka kirungu kwenye kioo safari nzima. Nyanyua gari mahali salama, utafute mpira huo kwenye ukuta wa injini upande wa abiria, uuzibue kwa hewa ya presha ndogo kutokea chini, kisha utoe zulia na ulianike juani mpaka sponji ya chini ikauke kabisa.